Neno Nililolitia Kinywani mwa Shangazi

Bi Rukia alizikwa Alhamisi asubuhi, na mimi nilifika Garsen alasiri, wanaume wakiwa wamekwisha rudi kutoka makaburini na wanawake wamekaa kwenye mikeka, wengine wakisoma, wengine wakinong'ona. Nilivua viatu nikatafuta nafasi karibu na ukuta. Binti mmoja, mjukuu wake, aliniletea chai akaniuliza kwa heshima, “Bibi, samahani, marehemu alikuwa nani wako?” Nikamwambia alikuwa mwalimu wangu wa Kiingereza, mwaka mmoja tu, zamani. “Mwaka mmoja?” akasema, akautazama msalaba shingoni mwangu, kisha mvi zangu, kama mtu anayepiga hesabu isiyokubali. Hakuuliza zaidi, adabu ya msibani ilimzuia. Nimerudi nyumbani na swali lake, na kwa kuwa Mungu amenijalia muda, nataka kulijibu vizuri kuliko nilivyolijibu pale.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimemaliza shule nikiwa na alama nzuri za Kiingereza, na nilikuwa na ugonjwa unaowapata vijana wengi wanaofaulu lugha: nilipenda neno kwa ukubwa wake. Nilikuwa na daftari, na kila neno refu nililolisikia redioni au kulisoma gazetini nililiandika humo, kisha nikalitafutia mahali pa kulitumia kabla ya juma kwisha, hata kama mahali penyewe hapakuwapo. Kiingereza changu hakikuwa na makosa ambayo mwalimu wa kawaida angeyapigia mstari. Ndiyo sababu haikuwa rahisi kukitibu. Mchungaji wetu ndiye aliyenipeleka kwa Bi Rukia, mwalimu mstaafu, mtu wa Kipini, aliyekuwa amefundisha Mombasa miaka mingi na sasa akikaa na binti yake Garsen. Palikuwa na mradi wa serikali uliokuja kupima Mto Tana, na ofisi yao ilitaka mkalimani anayejua Kipokomo, lugha yetu, na Kiingereza kwa ufasaha. Mchungaji alisema, “Kiingereza unacho. Nenda kwa yule mama akakupunguzie.” Sikuelewa alimaanisha nini, na nilichukia kidogo.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa. Kilikuwa na kitanda cha kamba, jiko la makaa mlangoni, harufu ya udi, na rafu moja ambayo juu yake alikaa mfalme wa nyumba ile, kamusi nene aliyoishonea jalada la kitambaa cha leso. Kwa dirisha uliona barabara ya Lamu na malori yakitimua vumbi. Somo la kwanza alinikalisha kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akaendelea kuchambua mboga, akaniambia nimwelezee mlango kwa Kiingereza. Nikasema ni “old”, yaani mzee. “Mimi pia ni mzee,” akasema. “Mimi na mlango tumefanana?” Nikaona ananipima, nikatoa neno langu la daftarini: “dilapidated”, neno la jengo lililochakaa hadi kukaribia kuanguka. Aliweka mboga chini, akainuka kwa taabu, akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Ulikuwa ukikwama kidogo chini, kwa sababu mbao zilikuwa zimefura kwa unyevu. “Mlango huu wafunguka, wafungika, na mwizi hapiti,” akasema. “Umechakaa wapi? Umefura, mwanangu. Sema umefura.” Neno la kufura kwa Kiingereza nililijua tangu darasa la tano, na nililidharau kwa sababu hiyohiyo.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, siku tatu kwa juma, baada ya swala ya alasiri. Sheria yake ilikuwa moja. Sikuruhusiwa kutumia neno mpaka nimtajie majirani zake wawili na kumwonyesha mpaka unapita wapi kati yao, kama watu wanaogawana shamba. Kuogopa na kuhofia. Kuchoka na kudhoofika. Kutazama, kukodoa, kuchungulia. Nikikosea alisema tu, “Umeingia kwa watu,” na nikarudi nyuma. Wakati mwingine somo lilikatizwa na mama wa Kiorma aliyeuza maziwa, ambaye alisimama mlangoni na kibuyu chake, na mimi nikakaa kimya kusikiliza mashauri yao ambayo yalikuwa yaleyale kila mara. Bi Rukia angeyamimina maziwa kidogo kiganjani, ayatazame, aseme, “Maziwa haya yalipita mtoni kwanza.” Na yule mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni, angejibu bila kukasirika, “Bibi, mimi hapana weka maji. Ng'ombe nakunywa maji, basi.” “Basi ng'ombe wako anywa sana.” “Na wewe nasema sana.” Wakacheka wote wawili, akapimiwa, akaongezewa kidogo. Nikibaki hadi chakula, alinipakulia wali wa nazi, na kama nilikuwa nimeleta kambare kutoka kijijini alimpika vizuri sana huku akimtukana. “Nyinyi mwala samaki wa matope,” alisema, “na bado mwamshukuru Mungu kwa sauti kubwa namna ile.” Nimekula kwenye karamu nyingi tangu wakati ule, harusi na sherehe za kanisa, lakini nikisema sala ya chakula ni sahani ile ya bati inayonijia.

Kazi niliipata mwezi wa tatu wa masomo. Injinia wa mradi alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye viatu virefu na haraka nyingi. Alinieleza mpango wao: kujenga tuta refu la udongo kando ya mto ili kuwakinga watu na mafuriko. Kabla ya hapo ilibidi kuwahoji wenyeji, na mimi ndiye ningekuwa kinywa chao. Aliahidi kwamba ripoti ikikubaliwa angeniombea kazi ya kudumu, pamoja na nafasi ya masomo Nairobi. Nilimtolea Mungu shukrani kwa kufunga siku nzima. Nyumba ya kwanza tuliyoingia ilikuwa ya shangazi yangu Hamaro, dada ya baba, katika kijiji chetu mwendo kidogo kutoka Hewani. Mume wake alikuwa amefariki, na alichokuwa nacho ni shamba la mpunga katika bonde nyuma ya kijiji, ambalo alilirithi kwa mama yake. Alitupikia ndizi na samaki, akakaa mbele ya injinia amejifunga leso mpya kiunoni, na alipoulizwa kuhusu maji ya masika yaliyopita alijibu kwa Kipokomo bila kupumua. “Maji? Maji yalitufanya vibaya. Yaliingia ndani bila hodi. Yalichukua kuku, yakaozesha mahindi, yakatufukuza hadi kwenye mwinuko, tukakaa huko siku kumi na mbili kama mifugo. Mto huu hauna huruma hata kidogo.” Injinia alinigeukia. “Anasemaje?” Nami nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayesoma redioni, “The flood devastated them.” Ni neno la mahali palipofagiliwa, pakabaki ukiwa. Aliliandika. Nyumba ya pili walisema karibu maneno yaleyale, na ya tatu, na kila mara nililitoa neno lile, au ndugu zake wakubwa, na kila mara kalamu ya injinia ilisonga.

Inanibidi nieleze jambo ambalo msomaji wa Tana hahitaji kuelezwa. Kwetu mtu hasifu maji mbele ya mgeni. Mto husemwa kama mama mkwe anavyosemwa, kwa malalamiko, na anayelalamika zaidi ndiye anayekula zaidi kutoka mkononi mwake. Wazee waliona kwamba anayeusifu mto anauita, na ukiitwa huja na zaidi ya ulichotaka. Kwa hiyo shangazi aliyataja maji kama inavyopasa kuyataja, na hakusema kwamba yaliposhuka aliteremka bondeni na kupanda mpunga katika tope lile, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili ambaye angehitaji kuambiwa. Mimi nilijua haya tangu nanyonya. Lakini siku ile nilikuwa nimesimama upande wa Kiingereza, na kutoka upande ule sikuyaona.

Nilipiga chapa ripoti kwa mikono yangu mwenyewe, kurasa tisa. Ilisema kwamba familia za kando ya mto huangamizwa na mafuriko kila mwaka, na ilipendekeza tuta lipite kati ya mto na bonde. Baada ya majuma mawili pangekuwa na baraza kijijini, watu wasomewe muhtasari na waweke alama za vidole kuonyesha kwamba wamekubali. Nilichukua nakala ya kaboni nikampelekea Bi Rukia, kama mtoto anavyopeleka alama zake. Alivaa miwani. Alisoma kurasa zote tisa, chai yake ikapoa, na mimi nikangoja sifa. Kisha akauliza, “Shangazi yako ala nini mwaka mzima?”

“Wali,” nikasema.

“Mpunga wake apanda wapi?”

“Bondeni.”

“Na bonde lapata maji wapi? Mvua ya huku naijua. Haitoshi kuloweka kanga.”

Nilikuwa nimeona tayari. Aliligusa neno lile kwa ncha ya kidole, pale lilipokuwa katika ukurasa wa pili, na katika wa tatu, na wa tano. “Majirani wa neno hili ni nani?” akauliza, kwa sauti ileile ya kila siku. Nikawataja. “Mpaka wake wapita wapi?” Nikasema, pale ambapo hakuna kilichobaki. “Na shangazi yako alibaki na nini maji yaliposhuka?” Nikasema alibaki na bonde lililojaa tope jeusi, na mpunga wa kula hadi masika mengine. “Basi,” akasema, akaikunja ripoti akanirudishia. “Sasa watamjengea ukuta wa kumkinga na chakula chake, na mwenye kuomba ni yeye mwenyewe, kwa kinywa chako.”

Nililelewa katika amri za Mungu, na ile ya kutomshuhudia jirani uongo niliijua kwa moyo kabla sijajua kusoma. Siku zote nilidhani ni amri ya watu wa mahakamani. Sikuwa nimebuni kuku wala mahindi. Vyote vilipotea kweli. Nilikuwa nimechukua ukweli wa mtu nikaupandisha daraja, kwa sababu ukweli wa kiasi chake ulionekana mdogo mno kwa Kiingereza changu. Niliomba siku nyingi mwaka ule, na sala iliyokuwa ngumu kuliko zote ni ya kukiri kwamba nilikuwa nimefurahi. Kila nilipolitamka neno lile nyumbani kwa shangazi nilikuwa nimefurahi.

Nilimwendea shangazi Jumamosi. Nilimkuta bondeni akipalilia, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kumuuliza tena kuhusu maji. Hakuinua mgongo. “Siku ile uliniuliza kama serikali, nikakujibu kama serikali. Leo waniuliza kama nani?” “Kama binti wa ndugu yako,” nikasema. “Basi shika jembe.” Tulipalilia hadi jua likawa kali, na akazungumza, kidogo kidogo, akitazama mpunga badala yangu. Aliniambia kuna maji yanayopanda polepole, yakakaa siku saba au nane, yakashuka kwa adabu. Hayo ndiyo ya kupandia. Kuna yanayokaa mpaka mche unazama na kuoza. Hayo ni njaa. Na kuna yanayokuja kwa mbio, yakakata ukingo na kubeba miti; hayo humwambii mtu habari zake, unamshika mtoto mkono na kukimbia. Yote matatu mimi nilikuwa nimeyaita kwa jina moja. Nilimwambia nilichoandika, na tuta litapita wapi. Hapo ndipo alipoinua mgongo. “Kwa hiyo nilisema nifungiwe nje,” akasema. Hakunilaumu zaidi ya hapo, na ningependa angenilaumu.

Siku sita mimi na Bi Rukia tuliandika ukurasa mmoja. Alinikataza daftari. Alileta kamusi kitandani tukakaa huku na huku yake, tukayatafutia maji yale matatu maneno yanayoyatosha, ya kupanda, ya kutuama, ya kuchimba na kubeba, na kila neno alilisoma kwa sauti, akaliacha likae kidogo, akauliza kama shangazi angelitambua likirudishwa kwa Kipokomo. Mengi hayakupita. Mwishoni, nikiwa na majuto mengi na nikitaka kumlipa shangazi kwa nilichomfanyia, niliandika kwamba maji ya masika kwa watu wa bonde ni “a blessing”, ni baraka. Bi Rukia alisoma ukurasa ule mara tatu. “Wafaa,” akasema.

Injinia aliupokea akaulinganisha na ripoti. “Kwa hivyo moja ya hizi ni ya uongo. Ni ipi?” “Ya kwanza,” nikasema, “na niliiandika mimi.” Alivua kofia akaiweka mezani. Alisema kwamba tayari alikuwa amewaambia wakubwa wake ana mkalimani mzuri. Kisha akasema, na namheshimu kwa hilo, kwamba hawezi kuigeuza ripoti kwa neno la mkalimani ambaye amekiri kukosea. Kama ni kweli, nikaseme mbele ya watu, na watu waseme wenyewe. Naomba niseme hapa yaliyofuata kuhusu mimi, kwa sababu hayana uzito mkubwa: kazi ya kudumu sikupewa, na Nairobi sikwenda. Nilikwenda chuo cha ualimu mwaka uliofuata, na nikafundisha hadi nilipostaafu. Na tuta lilijengwa, lakini upande wa juu, pale ukingo ulipokuwa ukikatika, na bonde likaachwa wazi. Lakini asubuhi ya baraza hakuna aliyejua lolote kati ya hayo, mimi wala injinia wala shangazi.

Baraza lilifanyika katika darasa la shule, wazee wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Nilisimama mbele nikawaambia kwamba niliwatafsiri vibaya na kwamba maneno yaliyoandikwa hayakuwa yao. Mzee mmoja wa mbele akasema, “Kumbe mafuriko makubwa yalikuwa kwenye mashine ya kuchapa.” Wakacheka. Mwingine hakucheka. “Tulikupeleka shule utuchukulie mashamba?” Nikasema, “Hapana, baba. Ndiyo maana nimesimama.” Nikausoma ukurasa mpya, sentensi moja kwa Kiingereza, kisha ileile kwa Kipokomo, na kila moja nilisubiri waseme ndiyo au la. Waliyakubali maji ya kwanza. Waliyakubali ya pili na ya tatu, wakabishana kidogo kama siku ni saba au nane. Nikafika kwenye baraka.

“Sikusema hivyo,” shangazi akasema. Alikuwa amekaa nyuma pamoja na wanawake, na sasa akasimama. “Nani amesema baraka? Mwaka juzi maji yalimchukua mtoto wa Komora pale kivukoni, na Komora amekaa hapo. Utamsomea neno hilo usoni?”

Komora alikuwa kwenye dawati la pili, mtu wa makamo, na alikuwa akitazama viganja vyake. Nilikuwa nimemjua maisha yangu yote, na yule mtoto nilimfundisha nyimbo za Jumapili. Injinia aliuliza kwa sauti ya chini kuna nini, nikamweleza. Akauliza, “Anataka iandikwe nini badala yake?” Nikalikata neno lile kwa kalamu mbele yao, nikamgeuzia shangazi swali. Hakuwa na haraka. Alirekebisha leso begani.

“Andika tunayaogopa,” akasema. “Na andika tunayangoja.”

Niliandika. Kwa Kiingereza yalikuwa maneno saba tu, na hata mtoto wa darasa la nne angeweza kuyatamka yote. Niliyasoma, nikayarudisha kwa Kipokomo, nikasubiri. Hakuna aliyesema ndiyo. Walikuwa wakimngoja Komora. Baada ya muda akasema, “Soma tena,” nikasoma tena. Akainuka kutoka kwenye dawati lile dogo, akaja mbele, akaweka kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, akarudi kukaa. Ndipo wengine wakapanga foleni.

Jumatatu nilikwenda Garsen kumsimulia Bi Rukia. Alisikiliza akiwa amekaa kitandani, mikono mapajani, na nilipofika pale shangazi aliposimama alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. “Neno lile nililisoma mara tatu,” akasema, “nikalipitisha. Mimi sikuwa na mtoto mtoni.”